Ghala la Chakula na Hitima ya Mjomba Boinali

Jumanne, 1 Machi 2011

Leo tumefungua ghala la chakula la wanafunzi, hapa bwenini chuo kikuu. Mimi ni mwenyekiti. Magunia manne ya mchele, mawili ya maharage, ng'onda, samaki wakavu, sanduku zima. Chumba kilikuwa cha mpira wa meza. Milango wazi tangu saa mbili asubuhi. Kufikia adhuhuri amekuja mtu mmoja. Alikuwa anatafuta mpira wa meza!

Wenye njaa wapo, nawajua. Posho ya wanafunzi haijatoka kwa miezi mitatu sasa. Fahardine, ninayelala naye chumba kimoja, alianguka maabara wiki mbili zilizopita. Daktari alisema ni njaa. Fahardine alisema ni joto. Jioni hii tena amekunywa maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, akajipapasa tumbo, akasema ameshiba. Ghala nililianzisha kwa ajili yake, naye ndiye haingii.

Msimamizi wa mabweni ametuambia: watu thelathini waandike majina daftarini kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo meza yake ya mpira inarudi. Nadjma wa famasia, katibu wetu, ndiye mwenye ufunguo. Kasema mwenyekiti asiye na ufunguo ni mgeni tu. Nimemsamehe.

(Naandika Kiswahili cha marehemu babu, aliyekipata bandarini. Hapa bwenini hakuna atakayekisoma. Nadjma anaweza kubahatisha, maana kwao Kingazija. Daftari hili langu linalala chini ya godoro.)

Alhamisi, 3 Machi

Nimelitafakari tatizo, nimelipata. Ni aibu! Nani apite mbele ya bweni zima na mfuko wa mchele wa kuombwa? Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuishi bwenini.

Nikafungua mlango wa nyuma. Pazia jeusi. Saa maalumu, wakati wa chakula cha mchana, watu wakiwa hawapo. Wakaja wasichana watatu wa mwaka wa kwanza, wananyata. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Mlinzi akawaona wakitoka na mifuko. Akapuliza filimbi. Bweni lote likamwagika nje.

Mlinzi ameomba radhi. Wasichana wamehama njia hata ya kwenda msalani. Majina daftarini: sifuri, maana watatu wale walikimbia kabla ya kuandika.

Fahardine kasema usiku huu amekula kwa rafiki yake wa mtaa wa Tanambao. Rafiki huyo yuko Antsohihy, mji wa mbali, tangu wiki jana.

Ijumaa, 4 Machi

Ufumbuzi! Ufumbuzi mkubwa!

Baada ya sala nilikwenda mtaa wa Ampisikina kwa Bi Echata, mkuu wa chama cha kina mama wa Kingazija. Palikuwa na hitima ya shemeji yake. Nikamvuta Fahardine twende. Yule yule asiye na njaa! Alikula sahani mbili. Alipofungiwa ya kwenda nayo akaipokea kwa mikono miwili, akapita nayo barabarani mchana kweupe, kichwa juu. Chakula cha hitima hakina aibu. Anayekila anamsaidia maiti.

Basi tunahitaji maiti.

Nimempitia kila jamaa. Nimefika kwa Mjomba Boinali wa kisiwa cha Nosy Be, kaka wa mama. Huku hakuna aliyemwona kwa miaka sita. Nilipomwandikia kuomba gunia moja la mchele kwa ajili ya ghala alinitumia kalenda. Nimemfisha saa kumi na nusu alasiri. Ghafla, bila maumivu. Sikutaka ateseke.

Nadjma nimemwambia nina msiba, tutasoma hitima ghalani. Akanipa pole, kisha akanitazama mno. Kasema yeye alikuwa na wazo lake: kila achukuaye chakula akae nusu saa atuchambulie mchele, umejaa mawe. Hapo atakuwa mfanyakazi, si mwombaji. Nikamwambia jambo rahisi namna hiyo haliwezi kufaulu.

Jumapili, 6 Machi

Watu arobaini na watatu!!

Mikeka ukuta hadi ukuta. Wakristo nao walikaa, viganja juu, wakiitikia amina mahali pasipo na amina. Fundi Mbaé, mwalimu wa madrasa, alisoma vizuri hata mimi nikamwonea huruma mjomba. Bi Echata na kina mama wake walikuja na magunia matatu ya mchele na mikungu miwili ya ndizi, wakasema msiba wa mtoto wa Kingazija ni msiba wao. Wasichana wa pazia walikuwepo. Wote walikula, wote walifungiwa.

Fahardine alilia. Machozi ya kweli. Yeye ni mtu wa Nosy Be, na aliwahi kupewa samaki na mjomba akiwa mdogo. (Mjomba! Aligawa samaki!) Nikamwambia asijitese. Akanishika mkono, akasema amejua mimi sina vocha ya simu, kwa hiyo amenunua kwa hela yake ya mwisho akampigia mama yake aende kutoa pole nyumbani kwa marehemu.

Nikamuuliza mama yake ataenda lini. Akasema ameshakwenda.

Jumatatu, 7 Machi

Mama amepiga simu alfajiri. Sitaandika yote aliyosema.

Kwa ufupi: mama yake Fahardine alifika kwa mjomba na wanawake sita, wamejitanda kanga, wameanza kulia tangu njiani. Mlango akaufungua marehemu. Amevaa fulana. Wawili walizirai.

Mjomba amepanda boti mpaka bandari ya Ankify, na kutoka hapo anakuja kwa gari.

Na si hilo tu. Nilimpelekea msimamizi habari za watu wangu arobaini na watatu. Kasema waliohudhuria msiba hawakuja ghalani, wala hawakuandika majina. Nikamwambia msiba ulikuwa ndani ya ghala! Kasema sifuri.

Sikati tamaa. Fahardine bado hajaambiwa, maana mama yake amelala na homa. Siku nne zimebaki.

Jumatano, 9 Machi

Amefika. Na sanduku.

Alianzia Ampisikina kwa Bi Echata, ili aone waliomlilia ni nani. Alipojitaja jina, kilio cha kina mama kilisikika mitaa mitatu. Ndipo akaja ghalani, na nyuma yake Bi Echata, na nyuma ya Bi Echata kina mama wote. Nadjma alikuwepo. Fahardine alikuwepo, anamtazama mjomba kama aliyetoka kaburini.

Mjomba akakaa juu ya gunia. Akaita, Chaïbou! Nikaitikia labeka. Akauliza walikuja wangapi. Nikasema arobaini na watatu. Hilo halikumchukiza. Akauliza wamelishwa nini. Nikasema wali na ng'onda. Hapo ndipo alipoumia. Ng'onda! Mtu kama yeye! Shemeji wa Bi Echata alichinjiwa mbuzi wawili!

Bi Echata kasema mchele ule waliutoa kwa maiti, na maiti huyu hapa anadai nyama, basi kesho wanakuja kuuchukua. Nadjma kasema kwa Kingazija jambo ambalo nadhani ni njia ya mwongo ni fupi.

Yote hayo nilistahimili. Lakini Fahardine! Alikusanya godoro lake akahamia chumba cha pili. Mlangoni tu akasema alinililia kwa moyo wake, na alinunua vocha akiwa hajala tangu jana yake. Niliona aibu. Niliona aibu ya kweli, kama saa nzima.

Alhamisi, 10 Machi

Nadjma amefanya mambo bila kumshauri mwenyekiti.

Alfajiri alikwenda kwa Bi Echata, akamweleza ghala ni la nini na kwa nini Fahardine alianguka. Kisha akabandika karatasi: wanatakiwa wachambuaji wa mchele, kila mchambuaji ataondoka na makopo matano ya mchele na ng'onda. Saa tatu Bi Echata mwenyewe akaingia, si kuchukua magunia, bali na nyungo kumi. Akakaa mkekani akaanza kuwafokea wanafunzi wa chuo kikuu wasiojua kupepeta. Fundi Mbaé kasema kisomo hakipotei, kimewaendea maiti wote wengine.

Wasichana watatu walikuja mlango wa mbele. Wakafuatwa na kundi la uhandisi. Mjomba alikaa pembeni akihesabu mawe.

Fahardine alifika alasiri, akauliza kama kuna magunia ya kubeba. Akabeba yote. Akaandika jina. La thelathini na moja! Nilikuwa nyuma ya maharage, hakuniona nilivyofuta macho.

Jioni alipika. Alinisukumia sahani bila kunitazama. Nilikula yote.

Jumamosi, 12 Machi

Barua ya msimamizi: chumba ni chetu mpaka mwisho wa mwaka. Mjomba ameondoka. Ameahidi gunia, na ameniapisha nisimfishe tena. Fahardine amerudisha godoro. Kamati imekutana. Nadjma ni mwenyekiti. Mimi nimepewa nyungo.

Kila mtu anasema ni kazi ya Nadjma. Nani aliwafundisha njia ya chumba kile? Lakini sitabishana na watu wenye wivu. Mchele utatosha wiki tatu, na posho haina habari. Lazima mmoja wetu afikirie mbele.

Nimepitia mambo yote kwa utulivu na nimeona kosa langu. Ni moja tu: nilichagua maiti mwenye nauli. Bibi Saïda, shangazi wa baba, yuko Mutsamudu, ng'ambo ya bahari. Ana miaka tisini, hana simu, na hajawahi kukanyaga chombo cha baharini kwa hofu.

Hitima yake ni Jumapili ya tarehe ishirini. Safari hii kutakuwa na nyama.