Jicho la Mbali la Bibi Effie

Jumatatu, 6 Januari

Daktari wa macho ametuchanganya. Bibi Effie ana mtoto wa jicho kulia na kushoto. Atafanyiwa upasuaji, kulia kwanza, kushoto mwezi ujao. Watatoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka mpya. Lakini Bibi achague: ya kuona mbali au ya kuona karibu. Ipo ya kuona kote kuwili, ila Bibi aliposikia bei aliuliza kama inakuja na gari lake.

Shida yangu ni hadithi yangu. Kurasa arobaini, kwa penseli, herufi ndogo. Katika ukoo mzima, Bibi pekee ndiye asiyesema uongo kuhusu maandishi. Nataka aisome kwa macho yake. Nikimsomea mimi, sauti yangu inaitia sukari. Hiyo ni rushwa.

Jumatano, 8 Januari

Binamu yangu Lachlan anataka lenzi ya mbali. Ana mazoezi ya hoki alfajiri, mama yake yuko zamu, na Bibi hajashika usukani tangu alipogonga sanduku la barua la jirani yetu, Mzee Rory, kisha akaliomba radhi.

Nimewaza sana. Mbali Bibi haoni tangu utotoni. Karibu anaona bure, bila miwani. Siku zote alipandisha miwani kwenye paji la uso, akaleta karatasi puani, akasoma hata maandishi ya chupa za dawa. Ukungu ndio uliomzuia. Kwa nini kumwomba daktari kitu ambacho Mungu alishatoa? Achukue ya mbali. Ya karibu anayo.

Lachlan sikumweleza. Nilimwambia nitamuunga mkono kwa shingo upande, akinioshea vyombo mwezi mzima. Akakubali. Maskini.

Alhamisi, 9 Januari

Tumemzunguka Bibi kwenye chai na biskuti za shayiri. Nikatoa hoja yangu. Bibi akalitazama birika, akidhani ni mimi, akasema mtoto huyu ana akili za wakili. Akapiga simu kliniki. Wakamuuliza kama anajua atahitaji miwani ya kusomea. Akawajibu hajawahi kusoma na miwani tangu azaliwe, asante, kwaheri.

Jumatano, 15 Januari

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji jana. Leo kifuniko cha jicho kimetolewa. Bibi alisimama dirishani akasoma namba ya gari la Mzee Rory ng'ambo ya barabara. Halafu akasema kumbe theluji bado ni nyeupe, yeye alidhani imeharibika. Akafuta machozi.

Nikamletea hadithi. Mkono wake ukapandisha miwani ambayo hakuivaa. Akaleta karatasi puani. Akaisogeza. Akaipeleka hadi mkono ukaisha.

"Triona, umeandika hapa au umemwaga uji?"

Akajaribu jicho la kushoto. Ukungu mtupu.

Nilimpigia simu muuguzi wa kliniki. Akasema kwa upole kwamba lenzi mpya ilipimwa ili kuondoa ule uoni wa karibu tu wa zamani. Jicho sasa linaona pale lilipoagizwa. Mliagiza mbali, mwanangu.

Kwa hiyo Bibi alikuwa na kitu, tukakilipia kitolewe. Sielewi.

Ijumaa, 17 Januari

Mpango mpya: jicho la kushoto liagizwe la karibu. Lachlan amesikia. Anasema mimi ni kinyonga, na sufuria ya uji ameiacha kama ilivyo.

Mzee Rory naye kaingilia. Ndiye mwenza wa Bibi katika tarabish, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili. Jana Bibi aliona ishara zake zote ng'ambo ya meza, ila karata zilizo mkononi mwake mwenyewe hakuziona. Wamefungwa vibaya. Mzee anasema jicho moja likienda hadi mji wa Halifax na jingine likibaki mezani, Effie atagombana na kichwa chake. Bibi akamjibu kichwa chake kimezoea, kimekaa meza moja na Rory miaka ishirini.

Hajaamua. Sijui tena niombee nini.

Jumapili, 19 Januari

Mzee Rory amemletea Bibi miwani ya kusomea ya duka la dawa, ya zambarau. Kumbe ilikuwa ni hiyo tu.

Bibi ameisoma hadithi yote. Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza karatasi zikigeuka.

Akaniita. Ukurasa wa kwanza ni mzuri kweli, ameurudia. Lakini bibi wa kwenye hadithi anafariki ukurasa wa tatu, na ukurasa wa thelathini na tisa bado anatoa nasaha.

"Mzike, mwanangu. Na huyo mjukuu wake, kila mlango anaofungua analia. Awe anabisha hodi tu."

Nimetafakari hadi chakula cha jioni. Bibi hasemi uongo, hilo linajulikana. Basi kosa ni la miwani. Nguvu yake ni ndogo: imemfikisha ukurasa wa kwanza, ikachoka.

Kesho nikitoka shule napita duka la dawa. Lazima wana yenye nguvu zaidi.