Baiskeli Ambayo Ilario Hakuiuza

Mnunuzi mjinga hujulikana kwa jinsi anavyoinyanyua baiskeli. Huishika kwa vidole viwili kama mtu anayepima kuku sokoni, huiinua kidogo kutoka chini, kisha hukunja midomo na kusema, "Nyepesi!" Sisi watu wa Finale, mji wa pwani ya Italia wenye milima mgongoni, tumeliona jambo hilo hata hatucheki tena. Lakini Ilario Ghersi alipoliona asubuhi ile ya Juni, akiwa mlangoni mwa duka lake anachovya kipande cha mkate wa fokacha kwenye kahawa ya maziwa, aliweka kikombe chini taratibu na kumshukuru Mungu.

Mgeni mwenyewe alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, tumbo limetangulia, soksi nyeusi amezivuta mpaka magotini, na helmeti yake mpya bado ina karatasi ya bei inayoning'inia. Nje alikuwa ameegesha gari kubwa jeupe, jipya.

"Karibu, mzee wangu, karibu ndani," Ilario alisema. "Naona macho yako yamekwisha kuchagua. Mimi kazi yangu ni kukupongeza tu."

"Mimi sijui kitu, kijana. Naitwa Fermo, nauza vigae vya bafuni kule Bergamo. Daktari kaniambia, Fermo, ama baiskeli ama jeneza."

"Daktari wako ana akili. Na hii ya kijivu ndiyo dawa yenyewe."

"Ipo ya rangi nyingine?"

Ilario alijizuia asimkumbatie.

Tuelewane kwanza. Ilario hakuwa mwizi. Mwizi hukuchukulia chako bila hata salamu. Ilario alikusalimu, akakuuliza habari za wanao, akakununulia kahawa, ndipo akachukua. Aliuza baiskeli za milimani zilizotumika, zile zenye shokapu mbele na nyuma, zinazoshuka kwenye mawe na mizizi ambako hata mbuzi husita. Na siri yake ilikuwa upepo. Shokapu za baiskeli hizi hazikai kwa chuma, hukaa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani. Ilario aliitoa nusu. Mteja akiikalia pale uwanjani mbele ya duka na kurukaruka kidogo, baiskeli inazama chini yake kwa ulaini, naye anafumba macho na kulipa. Kesho yake mlimani, jiwe la kwanza linampiga mpaka kwenye meno. Anarudi analia. Ilario anatikisa kichwa kwa huruma, anaingia nyuma ya pazia, anajaza hewa kwa pampu dakika mbili, anavuta sigara dakika arobaini, anatoka anajipangusa jasho. Euro mia na ishirini, ahsante sana. Mtu anauziwa ugonjwa, kisha anauziwa tiba, na wengi walirudi kumshukuru.

Ile ya kijivu ilikuwa na zaidi ya hayo. Mjerumani mmoja aliigonga mwambani mwezi Aprili, akaiacha kwa bei ya chakula cha mchana. Kwenye mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, karibu na kiungo, fremu ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Ilario aliufunika kwa picha ya kubandika, ya mjusi. Mjusi mzuri sana.

"Ikalie, mzee. Rukaruka."

Fermo alipanda kwa shida, akaruka. Baiskeli ikazama.

"Loo! Godoro la bibi yangu!"

"Huo ndio ulaini wa pesa, mzee. Elfu tatu na mia nane, kwa sababu ni wewe."

"Na hiyo ya kijani pale ukutani?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wa Ilario ukawa uso wa kweli.

"Hiyo haiuzwi."

Haikuuzwa, na kila mtu mjini alijua. Ilikuwa yake, na aliiita Gina. Aliiunganisha miaka mitatu, kifaa baada ya kifaa. Kila majira ya baridi aliifungua viungo vyote, akatoa beringi, akaziosha, akazipaka grisi, zilizochoka akazitupa. Spoki alizikaza kwa sikio, akizigonga kwa ukucha moja moja mpaka zote zitoe sauti moja. Mchumba wake wa mwisho alifunga virago akisema kwamba angeangaliwa nusu ya Gina angebaki. Ilario aliwadanganya watu wote wa mji huu, pamoja na mama yake mzazi, lakini Gina hakuwahi kuinyima hata tone la mafuta. Na alipokuwa juu yake, hakuna aliyemshika kwenye mteremko wowote. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililompa jina mjini. Bila hiyo baiskeli angebaki tapeli mwenye duka.

"Hiyo ni kipimo," alisema, akijirudisha kwenye biashara. "Kila ninayouza naitengeneza mpaka ifanane nayo."

"Ehe. Sasa mimi nitajuaje kwamba imefanana, kama hicho kipimo sijakipanda?" Fermo alijikuna kidevu. "Sisi wa vigae, mteja hukanyaga sampuli kwanza. Tena nina wakwe watatu, wote matumbo kama langu. Nikiridhika mimi, kila mmoja anataka yake."

Baiskeli nne! Ilario alihesabu kimya mabaki yaliyokuwa stoo.

"Mita mia mbili," alisema. "Kule juu mlimani, kipande cha tambarare tu. Mpaka kona ya kwanza, unageuza, unarudi. Halafu tunaitengeneza yako papo hapo."

"Na ufunguo wa gari langu ukae na wewe, kijana. Pesa zimo humo humo. Mimi si mtu wa maneno matupu."

Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Ilario, mzito na mtamu.

Aliyewapandisha mlimani, wao na baiskeli zote mbili, ni Nives, mwanamke wa makamo mwenye gari la kubeba watu na baiskeli zao, ambaye kwa miaka ishirini ameona wapumbavu wa mataifa yote. Walipofika juu, Fermo alibaki nyuma akipigana na kamba ya helmeti. Nives akamvuta Ilario kando.

"Wewe, huyo mtu simwelewi."

"Dada Nives, huyo ni zawadi."

"Joto hili, soksi mpaka magotini? Anaficha nini?"

"Anaficha mishipa ya uzee. Mwache mzee wa watu."

"Haya. Mimi simo."

Kisha likatokea jambo ambalo Nives anasema hatalisahau. Ilario alianza kufanya kazi. Kweli kabisa. Asingeweza kuvumilia kumwona mtu mzito akiizamisha Gina vibaya, ikigonga chini na kuumia. Akapiga magoti.

"Una kilo ngapi, mzee?"

"Mia na nne. Kabla ya chakula."

Ilario akatoa pampu ndogo yenye geji, akajaza shokapu ya nyuma, akasimama, akamshika Fermo akiwa amesimama juu ya pedeli, akatazama kile kipete cha mpira kwenye shina kinachoonyesha baiskeli imezama kiasi gani. Nusu. Nyingi mno. Akaongeza hewa. Theluthi moja. Akatabasamu. Akaenda mbele, akafanya vile vile. Halafu akazungusha kifundo chekundu mara mbili, ka, ka.

"Hewa ikizidi, shokapu inarudi juu kwa hasira," alieleza. "Lazima uitulize, la sivyo itakurusha kichwa chini."

"Kumbe!" Fermo alisema. "Nani angejua?"

Alipima upepo wa matairi kwa kidole gumba, akapandisha siti, akageuza breki zikae sawa na mikono ya mzee. Nusu saa nzima.

"Sijawahi kukuona ukifanya kazi," Nives alisema. "Inakupendeza." Akawasha gari akateremka, maana alikuwa na kundi jingine linamsubiri chini.

Fermo akaondoka akiyumba, tumbo huku, magoti kule. Ilario alitembea nyuma yake akiisukuma ile ya kijivu, anamcheka moyoni. Kwenye kona ya kwanza mzee akasimama. Akainama, akateremsha soksi zake mpaka kwenye vifundo vya miguu, kama mtu aliyefika nyumbani.

Ilario aliiona miundi ile. Ilikuwa na makovu juu mpaka chini kama kibao cha kukatia nyama. Makovu ya meno ya pedeli. Makovu ya miaka thelathini ya kushuka milima.

"Mzee Fermo! Geuza hapo!"

Mzee akapunga mkono. Kisha tumbo likarudi nyuma ya siti, viwiko vikafunguka, na Gina ikatumbukia kwenye mteremko bila kelele yoyote isipokuwa matairi yakinong'ona juu ya mawe. Hakugusa breki.

"Pumbavu!" Ilario alipiga kelele, akarukia ile ya kijivu. Dakika kumi na mbili mpaka chini. Njia aliijua jiwe kwa jiwe. Mzee mnene kama yule angemkamata kabla ya mto. Akakanyaga. Akafika kwenye mzizi wa kwanza.

Kreee, alisema mjusi.

Ilario akabana breki zote mbili. Mbele yake kulikuwa na lile jabali lenye kimo cha meza, kisha jingine, kisha pale ambapo ukianguka unaangukia vichwa vya misonobari. Akautazama mkono wa nyuma. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kilichokuwa chini ya mjusi yule, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ameikalia. Mteja mwingine yeyote angeshuka kwa amani ya ujinga wake. Yeye alijua. Akashuka baiskelini, akaanza kuisukuma.

Vijana watatu wa mjini wakapita kama upepo, wa mwisho akasimama.

"Ilario! Mbona kwa miguu? Imekufa?"

"Ife wapi! Nzima kabisa hii. Inauzwa."

"Sasa unaisukuma?"

"Naangalia mandhari."

Ndipo alipokumbuka ufunguo. Akaupapasa mfukoni, akacheka peke yake. Mzee aende, aende hata Ufaransa! Gari lake jeupe, na pesa zote ndani yake, vilikuwa mateka. Atarudi mwenyewe, analia. Ilario akapunguza mwendo. Akasimama kuchuma matunda ya cheri kwenye ua wa watu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake siku hiyo ilikuwa kilomita saba, na aliitembea akipiga mluzi.

Mbele ya duka palikuwa na alama za matairi pale gari lilipokuwa. Gari halikuwapo. Nives alikuwa ameegemea ukuta.

"Ufunguo ninao mimi!" Ilario alipaza sauti, akiuinua juu.

"Kila gari huzaliwa na funguo mbili," Nives alisema. "Kaondoka saa nzima iliyopita. Kaniachia salamu zako."

"Kasema nini?"

"Kasema toka azaliwe hajapanda baiskeli iliyopimwa vizuri namna ile. Mkono wako ni wa dhahabu, kasema. Usiuharibu kwa utapeli."

Ilario aliketi kizingitini na kulia, na sitamcheka kwa hilo. Alililia kila beringi.

Jioni alikwenda kituo cha polisi. Mkuu wa kituo, Bwana Tarcisio, alikuwa zamu, miwani puani, na kwenye benchi nyuma walikuwa wamekaa watu wanne wakisubiri zamu zao, masikio wazi.

"Namba za gari?"

"Sikutazama."

"Ulikuwa unatazama nini?"

Ilario akakung'uta vumbi la suruali.

"Haya. Alikuwa na umri gani?"

"Hamsini na nane, hivi."

"Uzito?"

"Mia na nne," Ilario alisema kwa sauti ndogo.

"Na wewe ulikuwa na baiskeli?"

"Nilikuwa nayo."

Bwana Tarcisio akavua miwani. "Ilario, mwanangu. Mimi nimekuona ukishuka mlima ule. Hakuna mtu pwani hii anayekushika. Mzee wa kilo mia na nne amekuachaje?"

Benchi lote likainama mbele.

"Baiskeli ilikuwa na kasoro?" Mkuu aliuliza kwa upole, kalamu ikiwa hewani. "Maana kama ilikuwa na kasoro, na ulikuwa unamuuzia mtu, hiyo ni karatasi nyingine, ya rangi nyingine. Na anayeandikwa humo si Fermo."

Ilario alifikiri juu ya wakwe watatu ambao hawakuwahi kuwapo, juu ya stoo yake, juu ya jela. Kisha alifikiri juu ya jina lake la mteremkoni, lile moja la kweli alilokuwa nalo, akaliaga.

"Haikuwa na kasoro," alisema.

Mkuu akaandika muda mrefu, halafu akasoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka, na kituo kizima kikasikia:

"Mlalamikaji, akiwa juu ya baiskeli nzima isiyo na kasoro yoyote, kwenye njia anayoijua tangu utotoni, alimfukuza kwa nguvu zake zote mzee mnene muuza vigae, akashindwa kumfikia." Akamsogezea karatasi. "Ndivyo ilivyokuwa?"

Nyuma, mtu mmoja kwenye benchi alianza kukohoa, na kikohozi kikawashika wote wanne.

"Ndivyo ilivyokuwa," Ilario alisema, akatia sahihi.