Tarumbeta za Bure

Jumatatu, 4 Machi
Kosa la watu wengi ni kutosoma maagizo. Wananunua kitu, wanatupa karatasi, kisha wanalalamika. Mimi sivyo. Nimefundisha mpaka nikastaafu, na maagizo huyasoma hadi nukta ya mwisho.

Leo kwenye mazoezi ya kwaya mpiga kinanda wetu, tunayemwita Bwana Nota, katusikilizisha wimbo alioupanga kwa programu ya muziki. Fidla, ngoma, tarumbeta, vyote ndani ya kompyuta. Kinamama wa sauti ya pili walifumba macho kwa raha. Alipoulizwa kaipata wapi, akajibu kwamba kainunua kwa watengenezaji wenyewe. Majivuno hayo! Wimbo wa maadhimisho ya kwaya bado haujachaguliwa, na wangu ndio bora. Umepungukiwa tarumbeta tu.

Jioni nimeipata programu ileile, bure, kwenye tovuti isiyo na jina la mtu wala anwani. Kompyuta yangu imezeeka, inakohoa. Nitatumia ya binti yangu, mpiga picha. Hatajua.

Jumanne, 5 Machi
Binti katoka, nami nikaingia ofisini kwake, yaani kile chumba cha nyuma. Programu imekuja na maagizo. La kwanza: zima kinga ya virusi. La pili: onyo lolote likitokea, lipuuze. Eti kinga ina tabia ya kushuku kila mgeni. Nikaona ni kweli. Mlinzi wa shule yetu alikuwa hivyo hivyo, aliwahi kumzuia mkaguzi getini.

Nimefuata yote, kwa mpangilio. Tarumbeta zinalia! Kisha likatokea tangazo la viatu vya kike. Nikalifunga. Yakaja matatu. Nikazima kila kitu na kwenda kunywa chai.

Jumatano, 6 Machi
Msiba. Picha za binti hazifunguki. Majina yake yamegeuka herufi za ajabu, na tangazo jekundu linadai malipo ili zifunguliwe. Ni picha za harusi ya watu, anatakiwa kuzikabidhi Ijumaa. Harusi hairudiwi.

Akaniuliza, “Baba, umegusa kompyuta yangu?”

Nilianza kumweleza jinsi kinga ya virusi inavyofanya kazi. Hakusubiri nifike mwisho. Mama watoto, aliyekuwa mlangoni na ufagio, akasema, “Ungeiba mkate, angalau ungeshiba. Wewe umeiba tarumbeta.”

Sikula vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi nimemeza aibu, nikaenda kwa Bwana Nota, maana kompyuta anazijua. Kaja na ndala zake. Kwanza kakata mtandao. Pili kasema tusilipe chochote, wezi hawatoi risiti. Akauliza kama kinga haikutoa onyo. Nikamjibu kwamba niliizima kwa mujibu wa maagizo. Akaniomba nirudie polepole. Afadhali angenitukana.

Kisha akamgeukia binti, akamuuliza kama kadi za kamera amekwisha kuzifuta. Binti akashika kichwa. Hajazifuta! Ndivyo anavyofanya kazi: kadi haifutwi mpaka bibi harusi apokee picha zake mkononi. Zimo zote kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Akakaa sakafuni akicheka huku machozi yakimtoka. Nami nikapumua, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kompyuta imefutwa yote. Binti ataanza upya kuzing'arisha picha, kwa kompyuta ya Bwana Nota, aliyoileta mwenyewe bila kuombwa. Mimi kanielekeza kwenye toleo dogo la programu, ambalo watengenezaji hulitoa bure, kihalali. Akaongeza kwamba zile tarumbeta zilipulizwa na watu wenye mapafu na familia, na ukinunua ndipo nao wanakula.

Ijumaa, 8 Machi
Picha zimekabidhiwa. Bibi harusi kafurahi, binti kanisalimia tena. Kifua chepesi kabisa.

Toleo dogo lina piano na ngoma moja. Tarumbeta hakuna.

Somo nimelipata: usiweke programu ya bure kwenye kompyuta yenye harusi za watu. Nimeona tovuti nyingine. Maagizo yake yameandikwa vizuri, aya zina namba, hakuna kosa hata moja la tahajia. Mwizi haandiki hivyo. Kompyuta ya mwenyekiti wa kwaya ina kumbukumbu za vikao tu, ambazo hakuna azisomaye.

La kufanya leo, kabla ya mazoezi: kumwomba mwenyekiti aniazime kompyuta.