Wivu Wangu Juu ya Kiti cha Mekanika

Leo sina uso. Watu thelathini na wawili wameona. (Nimewahesabu mara mbili, maana mara ya kwanza walikuwa wanapita mbele ya macho yangu kwa kasi.)

Ni hivi. Hapa chuoni Mbeya tunasoma mekanika ya juu, na leo ilikuwa siku ya kuchagua mwenza wa projekti ya muhula mzima. Mimi nilishapanga: Neema, binti wa Kihehe kutoka Tosamaganga, kichwa hatari. Kumbe Mashaka naye kapanga hivyo hivyo! Mashaka ni Msukuma wa Rujewa, kwao wafugaji, mrefu, anaelewa milinganyo kabla haijafutwa ubaoni. Asubuhi kaingia, kamwambia Neema, "Kamwene!" Neema meno yote nje. Msukuma anasalimia Kihehe! Mimi mwaka wa tatu huu nasema "mambo," najibiwa "poa." Roho iliniuma, sifichi.

Dokta akaleta kiti kinachozunguka na ringi ya baiskeli yenye vishikio. Unakaa umeishika, ringi inazungushwa kwa nguvu, ukiilaza ubavu, kiti nacho kinaanza kuzunguka. Akamwita Mashaka.

"Dokta, huyu mrefu, miguu itaburuza. Nipe mimi."

"Haya. Raundi moja."

"Fanya tatu, Dokta."

"Mbili."

"Mbili na nusu, tumalize."

Neema akacheka. Nikavimba.

Nikailaza ringi. Kiti kikaondoka! Raundi ya kwanza tamu. Ya pili, ubao na dirisha vikawa kitu kimoja.

"Kaka, irudishe ringi ilivyokuwa, kiti kitasimama!" Mashaka akapiga kelele.

Kweli tupu. Hata kwenye daftari langu ipo. Lakini niokolewe na Mashaka, mbele ya Neema? Weee! Nikaiachia ringi. Ikatoka mlangoni peke yake. Mimi nikabaki nazunguka vilevile! Kwa woga nikajikumbatia. Kasi ikaongezeka!

"Mnaona?" Dokta anafundisha, hana habari na mimi. "Amekunja mikono, kasi imepanda. Andikeni."

Wakaandika! (Wenzangu hao. Huwa nawaazima kalamu watu wale.)

Kiti kikanitema. Nikadakwa na mtu, nikamng'ang'ania shingo kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Kufumbua macho: Mashaka.

"Pole, kaka. Tulia. Usitapike tu, shati la kuazima hili."

Dunia iliposimama, nikamwona Neema anakuja kwetu. Moyo ukapanda.

"Poleni wote wawili," akasema. "Dokta anataka majina ya projekti. Mimi nilishajiandikisha na Tumaini tangu jana."

Tumaini ndiye dada anayekaa naye chumba kimoja. Dokta akahesabu waliobaki bila mwenza. Nikahesabu na mimi. Nikarudia. Tuko wawili tu: mimi na Mashaka. Muhula mzima!

Ndugu yangu, kabla hujamgombea mtu, muulize kwanza kama nafasi bado ipo. Ni swali la sekunde mbili, na unaweza kuliuliza umesimama.