Divai ya Dandelioni na Kabati la Hilda

Jumatatu, 22 Aprili 1974

Leo nimekata majani yote ya uwanja wa kanisa. Bila kuombwa! Kasisi alitoka na chai yake mkononi akasema hakujua nina moyo wa namna hii. Nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Ukweli uandikwe humu tu. Uwanja wa kanisa ndipo jirani yangu Desmond Hebden anapochuma dandelioni, yale maua ya manjano ambayo wasiojua huyaita magugu. Kesho ni Siku ya Mtakatifu George. Hapa kijijini maua ya divai huchumwa siku hiyo, na divai yenyewe hushindanishwa ukumbini Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Desmond amechukua kombe miaka sita mfululizo. Kesho atakuta uwanja umenyolewa kama kichwa cha kuruta. Mimi nina maua yangu ya siri, nyuma ya stesheni iliyofungwa.

Si kombe tu. Kuna kabati. Mtungi wangu wa divai umekaa miaka tisa katika kabati la tangi la maji ya moto, mahali Hilda, mke wangu, anapokaushia mashuka. Hilda amesema amechoka kulala kwenye harufu ya hamira. Nikishinda mwaka huu, mtungi unabaki. Nikishindwa, unatoka, na mambo ya divai yamekwisha, maana nyumba hii haina pembe nyingine yenye joto. Miaka thelathini na minne nilipanga barua za watu wengine posta. Divai ndiyo kazi pekee ninayoweza kuiita yangu. Sitaki kuipoteza.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Dandelioni hufumba mvua ikinyesha, na zote zimefumba kama ngumi.

Hilda akasema ningoje jua. Nikamjibu kwamba siku ni leo: mama yangu alichuma siku hii, na bibi yangu vilevile. Akasema mama yangu alikuwa na akili ya kuchungulia dirishani kwanza. Nikavaa koti, nikaenda.

Ndoo mbili. Tabu ni kwamba ua lililofumba halitoi petali peke yake, ukivuta linakuja na kijani chake chote. Kijani ndicho chenye uchungu, hata mtoto anajua. Nimekiacha humo humo. Sukari itafunika.

Niliporudi nimelowa, Desmond alinipungia mkono kutoka dirishani kwake, anakula mkate wa moto na siagi. Hajachuma hata ua moja! Nilicheka peke yangu hadi mlangoni.

Jumamosi, 27 Aprili

Jua kali. Dandelioni za kanisani zimechanua upya, mara mbili ya zile za kwanza, zimelala chini zimefunguka kama visahani. Kumbe ukizikata unazichokoza.

Desmond alikuwa pale tangu mchana, na kikapu, na kiti. Nikamuuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama hajui kuwa siku ya mtakatifu imeshapita.

"Jirani," akasema, "mtakatifu mwenyewe hanywi."

Halafu akanishukuru kwa kukata majani, eti mwaka huu hakulowesha soksi. Na kasisi naye ameniandika kwenye ratiba: kukata majani, kila Jumamosi, hadi Oktoba. Mgongo unaniuma tangu sasa.

Jumapili, 19 Mei

Kizibo kimeruka kabatini. Nilikuwa nimeongeza sukari mara tatu ili kuua uchungu, kisha nikakaza kizibo kwa nyundo ili nguvu isipotee. Imepotea yote pamoja. Foronya nne, mashuka mawili, na shati langu la kanisani, vyote njano.

Hilda hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisimama mlangoni, akaangalia dari linavyodondosha, akasema polepole, "Desemba, Horace." Akarudi kumenya viazi.

Divai iliyobaki itajaza chupa moja. Moja inatosha kushinda.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimeonja. Ulimi umejikunja na haujarudi vizuri hadi sasa. Tena divai ina ukungu, kama maji yaliyochemshiwa viazi.

Sasa huu ndio mpango. Nimejitolea kupanga meza za ukumbini. Kwa kanuni zetu chupa zote ni za kioo cheupe, umbo moja, hazina jina. Kila moja ina kikaratasi cha namba tu, kimefungwa shingoni kwa uzi. Yangu ni kumi na nne. Ya Desmond ni tisa, ameniambia mwenyewe kutoka upande wake wa ua wa miti, wala sikumuuliza. Mtu hana siri kabisa. Nilikaribia kumwonea huruma, ikapita.

Jioni nilimkuta Hilda kwenye ua huo huo anazungumza na Desmond. Wakanyamaza nilipofika. Nadhani ni habari za mashuka.

Jumamosi, 21 Desemba

Saa nne asubuhi. Imefanyika!

Desmond alikuwa anatoka ukumbini wakati mimi naingia, anajipangusa mikono, kasema alikuja kusogeza viti. Nikangoja hatua zake zipotee. Chupa zilikuwa zimesimama kwenye kitambaa cheupe. Jambo la ajabu: namba kumi na nne, yangu, ilikuwa inang'aa kama asali. Ya Desmond, namba tisa, imejaa ukungu. Nikajiambia baridi ya juzi imeituliza yangu. Nikasita kidogo. Lakini mpango wa siku mbili hautupwi kwa sababu ya rangi, na divai hainywewi kwa macho. Nikafungua nyuzi mbili, nikafunga nyuzi mbili. Tisa ikawa kumi na nne, kumi na nne ikawa tisa.

Saa kumi jioni. Jaji alikuwa Bi. Garside, kutoka mjini. Alipoonja namba tisa alifumba macho, akaomba tena. Alipoonja kumi na nne alitafuta ndoo kwa mkono, macho yametoka, halafu akamuuliza katibu kama meza hii ni ya vinywaji au ya dawa za kuua konokono. Watu walicheka mpaka nyuma.

Kombe la saba kwa Desmond. Alilipokea kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Akanitazama mimi. Hilda akamtazama yeye. Sikuelewa kitu, ila nilijua kabati limekwenda.

Jumapili, 22 Desemba

Hilda amenieleza wakati wa kifungua kinywa, bila kuinua sauti.

Anasema alitoa ile amri ya kabati kwa hasira na hakujua namna ya kuirudisha bila mimi kujiona bingwa. Kwa hiyo alimwendea Desmond akamwambia mzee wangu atanyauka bila mtungi wake. Desmond akasema rafu yake haina nafasi ya kombe jingine na amechoka kulisugua. Jana akawahi ukumbini, akabadilisha vikaratasi, divai yake ikawa yangu.

"Ushindi uliwekwa mkononi mwako," akasema Hilda. "Ulitakiwa kukaa tu, Horace. Kukaa."

Akaniuliza nilikuwa nafanya nini peke yangu ukumbini. Nikasema nilinyoosha kitambaa. Akatoa mtungi nje, maana neno lililosemwa mbele ya ukumbi mzima kwamba divai yangu inaua konokono haliwezi kurudishwa kabatini. Nimesimama uani karibu nao. Nimehuzunika kweli, siandiki kwa mzaha.

Baada ya ibada Desmond akaja. Anasema nusu ya banda lake haina kazi, na lina jiko dogo la mafuta ya taa linalotoa joto zuri.

"Lete mtungi wako, jirani," akasema. "Kutengeneza divai wawili ni bora kuliko kukaa unaukodolea macho."

Ilibidi nitazame pembeni kidogo.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimehamia. Banda ni kavu, lina joto kuliko kabati. Desmond amenipa rafu ya chini na meza ya kuandikia, kisha akaenda kula.

Nimepata nafasi ya kufikiri kwa utulivu, na nasikitika kusema jambo hili ni zito. Mtu ameingia ukumbini kabla ya wengine na kugusa namba za chupa zisizo zake! Kama amefanya mwaka huu, nani anajua ile miaka sita? Siku ya Mtakatifu George ijayo ni Jumatano, na mashine ya kukata majani nimeshainoa. Lakini kwanza kamati lazima ijulishwe. Nimeandika barua kurasa mbili, bila jina, kuhusu mashindano safi na watu wasioaminika. Imetoka vizuri sana. Nimeiandika hapa hapa mezani kwake, kwa kalamu aliyoniazima.