Namba ya Laptop Niliyoisahihisha Redioni

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wilaya nzima. Sisemi ofisi. Wilaya.

Mnajua mimi ndiye fundi wa kompyuta wa shirika letu hapa Garissa. Fundi pekee. (Kwa hiyo ndiye fundi bora, hilo halina ubishi.) Asubuhi laptop ya mkubwa wangu, Bi Sahra, iligoma kuwaka. Kompyuta nyingine iko Nairobi kwa matengenezo. Na kwenye disketi kuna orodha ya familia za kambi ya wakimbizi ya Hagadera zitakazogawiwa chakula kesho, ambayo lazima ichapishwe kabla msafara wa malori haujaondoka saa sita. Polisi wa kusindikiza hawangoji mtu.

"Fundi, utaweza?"

"Bi Sahra, nusu saa tu. Agiza chai."

Nikafuta kila kitu, nikaweka mfumo upya kutoka kwenye diski yake. Safi kabisa! Halafu kioo kikaniuliza namba ya kuthibitisha kwamba diski ni halali: herufi na tarakimu ishirini na tano. Namba hiyo imebandikwa kwenye kasha la diski. Kasha liko ghalani Hagadera. (Nililisahau huko mimi mwenyewe, ndiyo, tuendelee.)

Nikashika redio ya upepo, ile inayosikika kwenye stesheni zote za wilaya. Upande wa pili alikuwa Mwalimu Abdullahi, karani wa ghala, mkimbizi kutoka Kismayu.

"Fundi, habari ya Garissa? Hapa joto kali, na bolisi wanauliza malori iko wabi. Ofa."

("Ofa" ni lugha ya redioni: nimemaliza, zamu yako.) Mmesikia? *Bolisi.* Nina miaka miwili hapa, najua Kisomali hakina P, matamshi ya watu nimeshayazoea. Kwa hiyo aliponisomea ile namba, kila aliposema "bi" mimi nikaandika P. Mara nne. Sikumwuliza. Nimsumbue mzee ya nini?

Nikabonyeza. Namba si sahihi.

Nikaandika tena, polepole. Si sahihi. Nikazima, nikawasha, nikaipuliza diski kama uji wa moto. Si sahihi! Saa tano na nusu. Bi Sahra amesimama nyuma yangu, chai yake inapoa.

Nikafanya wanachofanya mafundi wote wakikwama: nikatafuta wa kulaumiwa. "Stesheni zote, sikilizeni. Diski hii ni bandia. Tumeuziwa takataka. Ofa."

Akaingia Mwalimu: "Fundi, hebu nisomee ile umeandika."

Nikasoma yote, kwa sauti ya msomi.

"Pi umetoa wabi?"

"Si ulisema... bi?"

"Nimesema bi. Sasa kwa nini umeandika pi?"

Wenzangu, nitafutieni jibu la swali hilo linalofaa kusemwa hewani. Nikasema kweli: "Nilidhani, Mwalimu, ukisema bi unamaanisha pi. Ofa."

Bi Sahra, Msomali wa hapa hapa Garissa, alirudi nyuma hatua moja, kama mtu asiyenijua.

"Warya," akasema Mwalimu taratibu, yaani "wewe kijana" kwa Kisomali. "Kiswahili nimejifunza mimi nikiwa mzee, mdomo unajikwaa. Lakini herufi ya Kiingereza nimefundisha watoto miaka kumi na nane. Pi ni pi. Bi ni bi. Andika ile nimesema."

Nikaandika. Ikafunguka papo hapo! Printa ikaanza kukwaruza, Bi Sahra akazikimbiza karatasi hadi kwenye lori la mwisho, injini tayari inanguruma. Hagadera watakula kesho. (Kazi nimeifanya. Hilo nalo mlikumbuke.)

Nikamwomba Mwalimu radhi, hewani vilevile, na kwa moyo. Akajibu, "Imekwisha, ndugu yangu." Ningepona hapo. Lakini majirani hawana huruma.

"Garissa, Garissa, hapa Bura. Fundi, tung'oe kibao cha mji tuandike Pura? Ofa."

Kambi ya Ifo walishindwa hata kuongea, walibonyeza kitufe wakacheka tu. Na sasa hivi askari wa langoni ameniuliza kama Pwana Fundi ameshakula.

Msicheke, tafadhali. Na mkimjua mtu mwenye masikio ya kuazima, mnijulishe.