Vyuma Viwili Ndani ya Beseni

Jumatatu, 4 Machi
Nimeficha siri kwa miaka thelathini na moja: kikombe cha ushindi nilichopewa kiwandani, kilicho juu ya kabati, si haki yangu. Ni cha shemeji, mdogo wake mke wangu. Daktari amesema sasa nile chochote ninachopenda. Nimemwelewa! Sitaki kufa bila msamaha wa shemeji. Ila kutamka kwa mdomo, hapana.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata hila. Vyuma vyenyewe viseme! Ninavyo viwili vilivyobaki, vimepakwa kromu, ule utando wa madini ung'aao kama fedha. Mwaka ule tulishindana kiwandani: chuma kikishapakwa, kiokwe vipi ndipo kisishike kutu? Mimi nilitaka moto mkali, upesi. Yeye alitaka moto wa wastani, saa nyingi. Akanieleza kwa upole kwamba kromu ina nyufa zisizoonekana. Moto mkali huzipanua, maji ya chumvi yakapenya hadi kwenye chuma. Na shule aliiacha mapema! Mimi na vyeti vyangu nilimcheka.

Jumatano, 6 Machi
Chake kimeshinda kwenye oveni ya mke wangu. Changu nimekitupa kwenye makaa mpaka kikageuka rangi. Mke wangu akauliza leo tunakula kromu ya kuoka au ya kuchoma. Vyote viwili sasa vimo katika beseni la maji ya chumvi, mvunguni mwa kitanda. Nimevifunga uzi kama kiwandani, maana chumvi hula karatasi za majina: chake fundo moja, changu mawili.

Jumatatu, 11 Machi
Balaa! Mke wangu amemwaga beseni akidhani nimetapika. Nimejaza upya. Chumvi ya nyumba nzima imekwisha, mchana tumekula chakula cha wagonjwa.

Ijumaa, 15 Machi
Changu kimeota kutu kama upele. Chake kinang'aa! Nimekitazama hadi machozi yakanitoka. Akili gani ile! Nao wakubwa wa kiwanda wakamhamishia kwenye kufungasha maboksi, asinung'unike hata siku moja. Kesho anakuja. Nitampa beseni, vyuma vimweleze, nife kwa amani.

Jumamosi, 16 Machi
Amekuja. Macho yake yana ukungu siku hizi, hukagua kwa kidole, na kidole kile kinajua kuliko hadubini. Kabla hajaingia nilimsikia barazani akimwambia dada yake kwamba alininunia miaka mingi, lakini kwa kromu, mzee yule ni bingwa. Bingwa!

Akaingia, akaketi kitandani, nikamsogezea beseni, akapapasa mafundo, kisha vyuma. Akarudia. Akashusha pumzi, akasema haya shemeji, umenishinda tena. Kumbe roho mbaya ilikuwa yangu, unisamehe.

Nimemsamehe. Kwa moyo mkunjufu kabisa. Nikamsihi tu asirudie.

Wao walipokuwa barazani, mimi nilikuwa mvunguni. Mafundo niliyabadilisha mimi. Leo, na mwaka ule.